Bilionea Wangu wa Saa Tisa Usiku

Mwezi wa tatu bila mshahara nilisoma riwaya 11. Zote kwenye simu, zote usiku, na kila moja ilikuwa na bilionea ndani yake. Mchana nilikuwa dawati la biashara nikipekua ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, usiku nafuatilia kama jamaa mwenye ndege yake binafsi atamwambia katibu muhtasi wake kwamba anampenda. Mwenzangu akipita nyuma ya kiti changu, nilifungua haraka ripoti ya CAG. Nadhani mimi ndiye mwandishi pekee nchini aliyewahi kutumia hoja za ukaguzi kuficha kitabu.

Hizi si zile riwaya nyingine mnazozijua, za kufuli na kamba. Hizi ni zile zinazojiita safi. Na "safi" hapa ina maana moja tu: hakuna kitanda. Watu wanabusiana, tena busu la kwanza mara nyingi linakuja ukiwa umeshavuka nusu ya kitabu, halafu mlango unafungwa na msomaji anabaki koridoni. Hakuna matusi. Jamaa ana miaka 30 na ushee, kampuni kaianzisha mwenyewe au kairithi kwa babu mkali, ana jeraha la moyoni, na hajui kukaanga yai. Binti ana duka la mikate linalokaribia kufungwa, au ni yaya, au ni huyo katibu muhtasi. Kuna wosia unaomlazimu jamaa awe ameoa kabla ya tarehe fulani. Basi wanaandikiana mkataba wa kuigiza ndoa. Kitakachofuata unakijua. Mimi pia nilikijua, na ndiyo sababu nilisoma. Mtu ambaye hajui kama tarehe 25 italeta kitu hahitaji kitabu cha kumshangaza.

Ukimaliza cha kaka mkubwa unakuta ana wadogo watano, wote mabilionea, wote hawajaoa. Hili nalo lina hesabu zake. Amazon ilianzisha huduma ya Kindle Unlimited mwaka 2014, unalipia kwa mwezi na kusoma utakavyo, na tangu Julai 2015 mwandishi analipwa kwa idadi ya kurasa zilizosomwa. Kwa hiyo ana kila sababu ya kukufanya usilale. Kila sura inaishia pabaya, na kila kitabu kinakutambulisha kwa kaka anayefuata, amesimama pembeni kwenye harusi, kanuna, kashika glasi ya juisi. (Kwenye riwaya safi mara nyingi ni juisi.)

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba ninasoma mapenzi. Siku moja nikajikuta narudia kurasa kadhaa kwa mara ya tatu, nikaangalia vizuri ninarudia nini. Haikuwa busu. Ilikuwa bili. Binti anaenda dirisha la malipo hospitalini, mkononi ana bahasha ya vijisenti, mama yake kalazwa wiki ya pili. Mhudumu anaangalia kompyuta, anakunja uso, anasema: hudaiwi kitu, imeshalipwa. Nani kalipa? Haijaandikwa. Binti anashika kaunta asianguke. Mimi nililia hapo. Nililia kwenye riwaya tatu tofauti, za waandishi watatu tofauti, kwenye tukio lile lile.

Janice Radway, msomi wa Marekani, mwaka 1984 alichapisha kitabu chake *Reading the Romance* baada ya kukaa na wanawake wa mji mmoja ambao walikuwa wasomaji wakubwa wa riwaya za mapenzi. Aliwauliza wanapata nini. Walichomwambia kilihusu kile kitendo cha kusoma kuliko hadithi yenyewe: ukiwa umeshika kitabu, hakuna anayekuomba chai. Ni wao wanaohudumia nyumba nzima, na kwenye kitabu kuna mtu, hatimaye, anayemhudumia mwanamke. Niliposoma hilo nikaona aibu yangu ikipungua kidogo. Bilionea kwa mtazamo huo si mwanamume hasa. Ni mtu ambaye anaona umechoka kabla hujasema.

Na usafi una utamu wake, tusidanganyane. Wengi wetu tulilelewa kwenye hadithi ambazo mlango unafungwa. Posa, mshenga, mahari, sherehe, halafu watu wazima wanabadilisha mazungumzo. Riwaya hizi unaweza kuzisoma kwenye mwendokasi, mama mchungaji kakaa pembeni anachungulia, na usibanduke. Unaweza kumpa mdogo wako. Kwenye kitabu safi mwanamume anasubiri, na kusubiri huko kunajaza sura 20. Ukiwa umezoea wanaume wa kukutumia "mambo" saa tano usiku, sura 20 za kusubiriwa ni anasa kuliko hiyo ndege.

Wanaodhani mambo haya yameletwa na intaneti wamsome Samuel Richardson. *Pamela* ilitoka Uingereza mwaka 1740. Kijakazi wa miaka 15, bwana tajiri anayemtaka, binti anakataa mpaka mwisho, bwana anasoma barua zake, moyo unalainika, ndoa. Yote yamo, na usafi wa binti ndio unaozawadiwa; jina dogo la kitabu linasema hivyo waziwazi. Ila katikati bwana huyo anamfungia binti kwenye nyumba yake ya mbali kwa wiki kadhaa. Wasomaji wa wakati ule waliililia, wengine wakaikejeli. Henry Fielding aliandika dhihaka yake, *Shamela*, mwaka uliofuata. Sisi leo tuna jina la jinai kwa alichofanya yule bwana. Lakini kitabu ni safi! Binti alibaki bikira mpaka harusi. Hapo ndipo neno hili linapoanza kunitatiza.

Maana usafi wa riwaya hizi unapimwa sehemu moja tu ya mwili. Jamaa anajua binti anapoishi kabla hajaambiwa, safi. Ananunua jengo alilopanga duka lake ili asifukuzwe, safi. Ni bosi wake, anamhamishia ofisi iliyo karibu na yake bila kumuuliza. Safi kabisa, maana hajamgusa. Christian Grey wa *Fifty Shades of Grey*, riwaya ya mwaka 2011 iliyofungulia mafuriko mabilionea wa aina hii, alifanya mengi ya namna hiyo, na watu wakapiga kelele kuhusu kitanda. Waandishi wa safi wakaondoa kitanda. Mengine mengi wakayaacha palepale.

Na fedha je? Mimi dawati langu ni biashara, siwezi kujizuia kuuliza. Kwenye riwaya 11 sikuona mtu mmoja akilipa kodi. Kampuni inafanya nini? "Teknolojia." Mara nyingine "majengo." Wafanyakazi wake ni dereva mzee mwenye hekima na mama wa usafi anayempenda kama mwanawe. Nimeshakaa mahakamani siku nyingi nikisikiliza mashtaka ya utakatishaji wa fedha, na lugha yetu imelitafuta neno hili vizuri sana: kutakatisha, kuifanya iwe safi. Riwaya hizi zinatakatisha. Unaingiza upande mmoja utajiri ambao hakuna anayejua ulikotoka, unaupitisha kwa binti mwenye duka la mikate, unatoka upande wa pili ukiwa mweupe pe, umekuwa upendo.

Fasihi yetu haijawahi kuwa na subira hiyo na matajiri. Kwenye *Kiu* ya Mohamed Suleiman Mohamed, Mwinyi ni mzee mwenye mali anayemtaka Bahati, binti maskini, na mali ile inaishia kumharibia maisha kila aliyeikaribia. Bwana Maksuudi wa *Utengano* ana heshima na fedha, na binti yake kamfungia ndani. Tajiri kwenye riwaya ya Kiswahili akigonga mlango, msomaji anasema usifungue. Nilisomeshwa hivyo tangu sekondari. Sasa najiuliza kwa nini saa tisa usiku nilikuwa nafungua.

Hata neno lenyewe kwetu lina umbo lingine. Juni 2020 mchimbaji wa Mererani, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali mawe mawili makubwa ya tanzanite kwa shilingi bilioni 7.74, na kuanzia siku ile akawa "Bilionea Laizer". Kwa dola ilikuwa kama milioni 3.4; kwenye riwaya za Kimarekani asingefika hata mlango wa karamu. Lakini tulijua fedha imetoka wapi, jiwe tuliliona, uzito wake ulitajwa: kilo 9.27 na kilo 5.1. Alipoulizwa atafanya nini alisema atachinja ng'ombe, na atajenga shule karibu na kwao. Ana wake wanne na watoto zaidi ya 30. Jaribu kumwingiza mtu huyo kwenye ndoa ya mkataba.

Nimezunguka sana kabla ya kufika hapa.

Miaka michache kabla ya miezi ile ya njaa, baba yangu alilazwa. Bili ilifika shilingi milioni 2.8. Nilikuwa nimeshakopa kwenye kikoba, nimeshakopa kwa rafiki, na nilikuwa nawaza kausha damu. Asubuhi ya kumtoa nikaenda dirishani, mhudumu akaangalia kompyuta, akasema imeshalipwa. Nawaapia, nilishika kaunta. Kabla ya kufikiri kitu kingine chochote nilifikiri: hii ni ile sura.

Aliyelipa alikuwa mfanyabiashara niliyemjua kikazi. Chanzo, kama tunavyosema. Nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba nimechelewesha jambo lake kwa sababu ya mgonjwa. Hospitali gani aliitafuta mwenyewe. Nilipompigia kumshukuru alicheka tu. "Acha bwana, ni kitu kidogo." Hakunigusa, wala siku ile wala baadaye. Kwa kipimo cha riwaya zangu, mtu safi.

Wiki mbili baadaye akanitumia ujumbe: umekula? Siku nyingine: jana nilikuona umepanda bodaboda, sipendi. Nilimwonyesha rafiki yangu, nikiwa natabasamu. Rafiki yangu hakutabasamu. Akaniuliza, "Amekuona wapi?"

Halafu wakaja vijana wanne waliokuwa wakifanya kazi kwenye ghala lake. Hawakuwa wamelipwa miezi mitano, mmoja kaumia mgongo akarudishwa nyumbani bila hata nauli. Walikuwa na daftari la mahudhurio, walikuwa na picha. Ilikuwa habari, tena nzuri. Sikuiandika. Hakuna aliyenikataza, yule bwana hakuwahi hata kuitaja. Mhariri alipouliza imefikia wapi nilimwambia ushahidi haujakaa sawa. Vijana wakapiga simu mara tatu, nne, kisha wakaacha. Mmoja wao ujumbe wake wa mwisho ulikuwa: "Sawa dada, tumeelewa."

Nimemrudia Mr Darcy mara nyingi tangu wakati huo. Kwenye *Pride and Prejudice*, ya 1813, naye analipa kwa siri: anamlipia Wickham madeni ili amwoe Lydia na kuiokoa familia ya Elizabeth na fedheha. Nadhani lile dirisha la hospitali ni mjukuu wa tendo lile. Lakini Darcy hakutaka Elizabeth ajue kabisa. Alijua kwa barua ya shangazi. Na Elizabeth hakuwa na kitu cha kumlipa Darcy zaidi ya moyo wake, hakuwa na kalamu ya gazeti. Riwaya inaweza kulipa bili bila kumtengeneza mdaiwa kwa sababu mwandishi ameshika pande zote mbili. Mimi nilikuwa nimeshikwa upande mmoja.

Nilimrudishia. Ilichukua miezi 14, laki mbili kila mwezi. Mwanzoni alizirudisha, nikawa nazituma tena, tunapoteza makato ya miamala wote wawili kama watoto. Mwezi wa nne akaacha kuzirudisha, na ujumbe wa umekula nao ukakoma. Muamala wa mwisho bado ninao kwenye simu. Wale vijana niliwatafuta baada ya hapo. Nilipata namba moja tu, ikapokelewa na mtu mwingine.

Utaniuliza, na bado ukarudi kuzisoma? Nilirudi. Miezi mitatu bila mshahara, ningesoma nini, Katiba? Tofauti ni kwamba sasa mdogo wangu naye anazisoma. Yuko chuo mwaka wa pili, bando lake linaishia huko. Juzi kaniandikia: "Dada, una ile ya kaka wa nne?" Ninayo. Nilikaa na simu mkononi kama dakika kumi, kisha nikamtumia, na usiku nikaifungua tena mwenyewe nione nimempa nini.

Binti wa kitabu hicho ni mkaidi kuliko wengine. Jamaa kalipa bili ya bibi yake, binti anamfuata mpaka ofisini, anadai namba ya akaunti, anasema atalipa dola 50 kila mwezi. Nikakaa vizuri kitandani. Jamaa anacheka, anambusu paji la uso, na habari ya akaunti inaishia hapo.

Mdogo wangu ananiambia sehemu hiyo alilia sana. Ameshaanza ya kaka wa tano.