Omba Karatasi, Mwanangu

Kisauni, Mombasa

Mwanangu Bakari,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa peke yangu uani, maana sauti yako ilitetemeka pale uliposema pikipiki inanyeshewa kituo cha polisi kwa siku ya 19 sasa na mkopo wa chama haungoji mtu. Ulilala seli usiku mmoja, ukaachiliwa asubuhi bila kushtakiwa, chombo kikabaki. Umekwenda kituoni mara 4, kila mara unamkuta askari mwengine na jibu ni lile lile, njoo kesho. Sasa wewe na vijana wa steji ya bodaboda mnataka kwenda wote kwa pamoja mkapige kelele getini.

Nakuomba usiende hivyo. Hasira unayo haki nayo, hata mimi ninayo. Lakini kelele haina tarehe wala haigongwi muhuri, na kesho yake kituo kitakumbuka kelele peke yake, pikipiki itasahaulika.

Wewe ulikuwa darasa la sita, kwa hivyo hukuambiwa yote, babako alipochukuliwa mwaka 2018. Walikuja Jumatatu usiku. Siku mbili nzima mimi na mamako tulikwenda kituo kimoja, nisichotaka kukitaja, tukaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Alhamisi akafikishwa kortini, na hati ya mashtaka ikasema alikamatwa Jumatano jioni. Katiba inasema, katika kifungu cha 49, mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ile Jumatano haikuandikwa kwa bahati mbaya.

Nikaketi kwenye mashine yangu ya kuchapa nikachapa barua ya kurasa 3. Niliuliza kwa nini mmemshika kaka yangu, kwa nini mmempiga, kwa nini mlitudanganya. Niliilia ile barua nikiichapa. Haikujibiwa hadi leo, na ilinichukua muda kuelewa sababu. Hakuna daftari kituoni linaloitwa kwa nini. Kuna OB, yaani daftari la matukio, kuna rejista ya mahabusu, kuna rejista ya vielelezo. Mimi nilikuwa nimeomba kitu kisichokuwa kwenye rafu yoyote.

Barua ya pili ilikuwa nusu ukurasa. Niliomba nakala ya ukurasa wa rejista ya mahabusu wa Jumatatu ile na Jumanne yake, pamoja na maandishi ya OB ya saa 4 usiku hadi saa 8 usiku, yanayomtaja babako. Basi. Siku ya 20 nikapigiwa simu nikachukue. Na pale, kwa mwandiko wa kalamu ya buluu, jina la babako lilikuwa limeandikwa Jumatatu, saa 5 na dakika 40 usiku. Wakili aliishika ile karatasi akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nimeipata vipi. Haikumrudishia babako, Mungu amrehemu, meno yake mawili. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeweza kusema tena kwamba sisi tulikuwa waongo.

Jambo linaloniuma ni hili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ilianza kufanya kazi Septemba 2016. Ilikuwa na karibu miaka miwili, na mimi, ninayechapa hati za kiapo hatua chache kutoka mahakamani, sikuijua vizuri. Kawaida ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Lakini habari ikigusa uhai au uhuru wa mtu, sheria inawapa saa 48 tu. Mtu aliye seli uhuru wake umeguswa. Ningeliijua saa ile, ningeliandika neno hilo kwa herufi kubwa juu ya barua, Jumanne asubuhi. Iweke akilini, kwa ajili ya yeyote steji pale atakayechukuliwa usiku.

Kwako wewe ni siku 21. Wanaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, wakikuandikia sababu. Faili ikiwa iko ofisi nyengine, wana siku 5 za kuihamishia barua yako huko, si kukutuma wewe uzunguke. Kupokea ombi hawakutozi kitu. Unacholipia ni gharama halisi ya kutoa nakala. Atakayekuomba ya chai, usibishane naye, andika jina lake na namba ya utumishi iliyo kwenye sare, uende zako.

Kiswahili chako kinatosha. Sheria inasema ombi liwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, ofisa aandike na ampe nakala. Nimewaona wazee wakirudishwa kwa sababu barua haikuwa ya Kiingereza, wakaondoka wakiomba radhi. Wewe usiombe radhi.

Andika hivi, ubadilishe palipo pako:

“Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, kupitia kwa mkuu wa kituo (OCS). Mimi ni raia wa Kenya, na nimeambatisha nakala ya kitambulisho. Chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za kumbukumbu hizi: maandishi yote ya OB yanayohusu kukamatwa kwangu na kuachiliwa kwangu tarehe fulani, ukurasa wa rejista ya mahabusu wenye jina langu, na maandishi ya rejista ya vielelezo, au rejista nyengine yoyote, yanayoonyesha pikipiki yenye namba hii ya usajili na namba hii ya chasisi ilipokewa lini, na nani, na kwa kosa gani. Palipo na jina la mtu mwengine lisilonihusu, naomba lifichwe na sehemu iliyobaki nipewe.”

Maneno ya mwisho yale yana kazi. Sheria inawaruhusu kuzuia habari itakayovuruga usalama wa taifa, au mwenendo wa kesi, au kuingilia faragha ya mtu mwengine bila sababu. Ukishawaambia wafiche majina, umewaondolea kisingizio cha faragha kabla hawajakitumia. Kisingizio cha upelelezi unaoendelea ndicho utakachokisikia zaidi, na wakati mwengine ni kweli. Basi wakuandikie hivyo, kwa karatasi yenye jina na sahihi. Hapo utajua kuna kesi juu yako au hakuna, jambo ambalo mara 4 hukuambiwa.

Wakikuuliza unaitakia nini, huna lazima ya kueleza. Sheria imesema wazi kwamba haki hii haipunguzwi na sababu zako wala na mawazo ya ofisa juu ya sababu zako.

Na ile “kwa nini” yako, sikwambii uizike. Ina mlango wake, kifungu cha 47: mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Iandikie barua ya pili, peke yake. Ukizichanganya, watajibu ile rahisi.

Chapisha nakala mbili. Moja waibakishe, nyengine waigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Bila muhuri ule, siku 21 hazina pa kuanzia. Nenda na mwenyekiti wa steji, mtu mmoja tu, mchana, shati lako limepigwa pasi. Najua mamako anaogopa kwamba kuandika kutakufanya ujulikane. Mwambie hivi: kwao umeshajulikana tangu usiku ule, jina lako limo daftarini mwao. Tunachotaka ni kulisoma.

Siku 21 zikipita kimya, kimya hicho sheria inakihesabu kuwa ni kukataliwa. Hapo una siku 30 za kuiomba Tume ya Haki za Kiutawala, ile wanayoiita Ofisi ya Ombudsman, iupitie uamuzi. Na kama kuna aliyekupiga, hukuniambia lakini nakuuliza, hilo ni la IPOA, mamlaka inayochunguza mwenendo wa polisi, nalo lina barua yake.

Usidhani ni kazi bure. Mwaka 2022 Mahakama Kuu, hapa hapa Mombasa, iliiamuru serikali itoe mikataba ya reli ya SGR kwa sababu mwanaharakati Khelef Khalifa na mwenzake waliiomba wakanyimwa. Na wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza kule London kwa mateso ya enzi za ukoloni, ndipo mwaka 2011 ilipokubaliwa kwamba faili karibu 1,500 zilizoondolewa Kenya kabla ya uhuru zilikuwa zimefichwa Uingereza miaka yote ile. Mateso ya kambini yalikuwa yameandikwa na maofisa wenyewe. Miaka miwili baadaye serikali ile ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa madai ya wazee 5,228. Huwa nawafikiria wale waliokufa mwaka 2010, hawajasikia kwamba karatasi zipo.

Namba ya chasisi utaiona kwenye kitabu cha pikipiki; kama hunacho, iko imechongwa shingoni, chini ya usukani, mwenyekiti anaweza kwenda kuisoma. Niletee rasimu Ijumaa baada ya swala. Nitaichapa mimi, kwa mashine ile ile. Na ukirudi kituoni Jumatatu, kabla hujamwambia mtu yeyote, nipigie picha ule muhuri unitumie nione tarehe imeshika vizuri.

Shangazi yako