Doa Jeusi Mezani: Usikimbilie Randa

Wengi wetu tukiona doa jeusi juu ya meza au mlango wa mbao huwa na dawa mbili tu: kupaka rangi au kumwita fundi apige randa. Zote zina gharama, na mara nyingine hazihitajiki.

Nasema hivyo kwa sababu ya meza ya marehemu baba iliyoko nyumbani kwetu Msambweni. Ni ya mvule, na juu yake ndipo sisi watoto sita tulipofanyia hesabu za shule kwa taa ya chemni. Masika moja paa la makuti lilivuja, mama akatega karai kuukuu la chuma juu ya meza hiyo. Alipoliondoa palikuwa na duara jeusi tititi. Sabuni haikufua dafu. Kaka yangu mkubwa akasema meza imekwisha, iuzwe Ukunda kwa bei yoyote. Mama hakujibu. Aliifunika kitambaa, na tangu siku hiyo wageni wakawa wanaandaliwa mkekani.

Meza kama ile si rahisi kuipata tena. Miti mikubwa ya Kwale imebaki zaidi katika misitu inayolindwa, kama Shimba Hills na Kaya Kinondo karibu na Diani.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja jirani. Alipoliona doa alicheka. "Mwanangu, hiyo ni kutu. Kanzu ikishika kutu twaitoa kwa birimbi, sembuse mbao?"

Bibi alisema kweli. Mbao nyingi zina tanini, kitu kile kile kinachoipa chai kali ukakasi. Magome ya mikoko nayo yamejaa tanini. Si ajabu watu wa Pwani huiita chai isiyo na maziwa chai ya mkandaa, jina la mkoko mmojawapo. Maji yakikutanisha tanini na chuma, hutokea weusi kama wino. Tia msumari wenye kutu katika chai kali usiku mmoja, utaona. Birimbi lina asidi ya oksaliki kwa wingi, ambayo hukinasa chuma hicho kikaoshwa na maji.

Tulifanya hivi. Tuliisugua meza kwa msasa laini kufuata nyuzi za mbao, vanishi ya zamani ikatoka. Tukaponda birimbi, tukachuja, tukapaka maji yake meza nzima ili isibaki na baka. Baada ya nusu saa tukafuta kwa maji safi mara mbili. Tulirudia siku tatu, kisha tukaiacha ikauke kivulini kabla ya kupaka vanishi mpya.

Tahadhari, msomaji. Usitumie waya wa chuma wa kusugulia sufuria. Vipande vyake huzaa madoa mapya. Usichanganye kamwe asidi na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Hewa itokayo ni sumu. Vaa glavu, na linda macho. Na ikiwa doa ni la vitone vitone, hasa nyumba za karibu na bahari, huenda ni koga: lipanguse kwa siki, kisha fungua madirisha.

Doa letu halikwisha kabisa. Limebaki kivuli cha rangi ya chai. Mama alikikunja kitambaa akakiweka sandukuni. Idi iliyofuata kaka alikaa kwenye meza ile akala pilau, wala hakuitaja Ukunda.