Kiunza cha Jiwe

Mwishoni mwa masika dada yangu aliniletea maneno kutoka nyumbani. "Mdogo wangu," alisema, "mvua za mwaka huu hazikuliacha salama kaburi la Bi Mkubwa. Udongo umetitia, na jiwe la kichwani limeanguka. Tuletee fedha tulijengee kwa saruji." Siku mbili baadaye akanipigia simu ami yetu. "Mwanangu, nimesikia mnataka kujenga. Kaburi halitaki saruji. Linataka dua."

Sikumjibu dada, wala sikumjibu ami. Miezi mitatu ikapita. Bi Mkubwa alizikwa alasiri ya siku ile ile aliyofariki, kama ilivyo ada yetu, nami nikiwa ng'ambo, mbali na udongo wake. Mawe mawili ya kaburi, la kichwani na la miguuni, sisi twayaita mashahidi. Mimi, mwanawe wa mwisho, sikushuhudia, na tangu siku hiyo sijakanyaga hapo.

Ilikuwa katika miezi hiyo ya kunyamaza nilipokwenda kaskazini ya Wales, kumtembelea mzee mmoja niliyejuana naye kazini. Anakaa karibu na bonde la mto Conwy, mto unaoanzia kwenye nyika ya juu ya Migneint na kuteremka hadi baharini. Asubuhi moja akaniambia, "Leo nitakupeleka kwa wakubwa wetu." Tukapanda hadi juu ya bonde, kwenye kijiji cha Capel Garmon, kisha tukakata malisho ya kondoo. Upande wa magharibi milima ya Eryri ilikuwa imejitanda ukungu begani. Mzee alitembea polepole, akinifundisha maneno ya Kiwelisi njia nzima. Chungu la mawe kama lile tunaloliendea, alisema, wao huliita carnedd.

Msomaji asitaraji kuba wala mnara. Lililopo ni kaburi la watu wa zama za mawe, lenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Mawe mafupi yaliyopangwa ardhini yanaonyesha mpaka wa chungu lililokuwa limelifunika zamani. Katikati, ujia mwembamba unaingia kutoka kusini hadi kwenye ukumbi mdogo, na kila upande wa ukumbi huo, mashariki na magharibi, kuna chumba cha mviringo. Chumba cha magharibi bado kina paa lake: jiwe moja kubwa, bapa, lililolazwa juu ya mawe yaliyosimama. Makaburi ya namna hii hasa ni ya kusini, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, katika nchi zinazozunguka mto Severn. Basi hata hao wa kale walikuwa na jamaa wa mbali, au angalau walikuwa na habari zao.

Katika karne ya 19 chumba hicho cha magharibi kilifanywa banda la farasi. Niliposikia hayo nilikunja uso. Mzee akacheka. "Farasi naye alihitaji paa," alisema. "Na lisingekuwa banda, huenda mawe yake yangekwenda kujengea ukuta."

Niliinama nikaingia. Ndani mlikuwa na baridi na harufu ya udongo mbichi. Nikautazama ule ubapa wa jiwe juu ya kichwa changu, na neno likanijia lenyewe: kiunza. Nyumbani, maiti akishalazwa katika mwanandani, hufunikwa kwa ubao ili udongo usimguse. Watu hawa, wasiojua neno letu wala sisi lao, nao hawakutaka udongo umwangukie mtu wao usoni.

Nikakumbuka magofu ya Ras Mkumbuu, Pemba, na makaburi yake ya minara, na mnara wa Kunduchi uliopambwa kwa bakuli za Kichina. Waliojenga walitaka wakumbukwe, na mawe yao yamesimama kwa karne nyingi. Lakini msomaji, ni wangapi kati yetu wawezao kuwataja waliolala chini yake? Hapa Capel Garmon halikubaki hata jina moja. Jiwe linatunza mahali. Halitunzi mtu.

Nilipotoka, mzee aliniita upande wa mashariki. "Njoo uone mlango." Mawe mawili yamesimama pale kama miimo, yamepangwa kwa heshima, na uso wa kaburi umejikunja ndani kama unaokaribisha wageni. Lakini mlango ule haupiti. Nyuma yake hakuna njia. Ni mlango wa uwongo, tangu siku ulipojengwa. Mlango wa kweli ni ule ujia mwembamba wa kusini. Ujia ule ulijengwa ili walio hai warudi, wainame, waingie na maiti mwingine, vizazi kwa vizazi.

Nilisimama mbele ya mlango ule nikaona haya. Saruji niliyokuwa nikiifikiria, na marumaru niliyokwisha kuiulizia bei bila kumwambia mtu, ilikuwa mlango wa mashariki: mzuri wa kutazamwa, usiopita mtu. Dada hakukosea; kaburi lilihitaji mkono. Wala ami hakukosea. Aliyekosea ni mimi, niliyetaka fedha ziende mahali ambapo miguu yangu inaogopa kwenda.

Tuliteremka bila ya kusema mengi. Jioni nikampigia dada simu.

"Dada, saruji iache. Udongo ujazieni. Jiwe la kichwani liweke kando, lisipotee. Nitalisimamisha mwenyewe."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kuku wa jirani nyuma yake.

"Lini?" akauliza.

Nikamtajia tarehe. Tikiti nilikuwa nimekwisha kuikata.