Waliobeba Mizigo ya Ukoo

Hapa Kombewa, penye msiba mzee hupewa nafasi ya kueleza ukoo wa marehemu ulikotoka. Huwataja mababu mmoja mmoja, na kila mahali walipohamia kando ya Ziwa Viktoria. Napenda kumsikiliza. Ila siku hizi najiuliza: waliowalimia na kuwapikia mababu hao wametajwa wapi?

Swali hilo lilinikaa nilipoyasoma Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Ukoo wake ulitoka pwani na Unguja, ukafuata pembe za ndovu upande wa magharibi. Baba yake, Muhammed bin Juma, alifanya makao Tabora, akamwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Mwana akavuka Ziwa Tanganyika, akatawala Manyema, na Kasongo pakawa makao yake. Alifariki Unguja mwaka 1905, tajiri wa mashamba na watumwa.

Katika simulizi yake pembe zimehesabiwa kwa frasila, na frasila moja ni ratili 35. Waliozibeba hadi pwani, wakiwemo watumwa waliotekwa vitani, wengi hawana hata jina. Uzito wa pembe umeandikwa. Bega lililoibeba limesahauliwa.

Watu hao walikuwa na mengi ya kusema. Rashid bin Hassani, Mbisa kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, alitekwa utotoni akauzwa Unguja. Uzeeni alipata wa kumsikiliza, na maisha yake yakachapishwa mwaka 1936 katika mkusanyiko wa Margery Perham. Ni wangapi walikufa bila kuulizwa?

Hatuwezi kuwanyooshea kidole watu wa pwani peke yao. Wazee wetu Waluo nao walikuwa na misumba, mtu asiye na kwao aliyetumikia boma la wengine. Simsikii akitajwa msibani.

Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, lakini mazoea ya kumsahau anayetutumikia tunayo bado. Mfanyakazi wa leo si mtumwa, ana haki ya kuondoka. Hata hivyo wapo waliotulelea watoto miaka mingi na hatujui kwao ni wapi.

Ndugu msomaji, ukiandika historia ya ukoo wenu, waulize wazee habari za watu hao, uwaandike kwa majina yao. Ukoo unaowataja wenye mali tu, ukawaacha walioichuma, umesimulia nusu ya historia yake.