Mkataba Wangu wa Kwanza

Mimi ni fundi mwashi. Ninaishi Gitting, wilaya ya Hanang, chini ya mlima. Kwa miaka mingi nilifanya kazi chini ya mafundi wengine. Wao walipatana bei na mwenye nyumba. Mimi nilishika mwiko, na jioni nilipewa pesa yangu. Hesabu ya kazi nzima sikuijua. Nilijua hesabu ya siku yangu tu.

Mwaka 2021 Serikali ilitoa fedha za kujenga madarasa 15,000 nchi nzima. Zilitoka katika mkopo wa kupambana na UVIKO-19. Kila darasa lilitengewa shilingi 20,000,000. Madarasa ya sekondari yalitakiwa yawe tayari kwa watoto wa Kidato cha Kwanza, Januari 2022.

Madarasa hayo yalijengwa kwa utaratibu unaoitwa fosi akaunti. Katika utaratibu huu, shule yenyewe hununua vifaa. Kamati ya manunuzi hununua saruji, nondo na mabati. Kamati ya mapokezi huvipokea na kuvihesabu. Kamati ya ujenzi husimamia kazi. Fundi huleta ujuzi wake na watu wake, naye hulipwa ufundi tu.

Nikajiambia, safari hii nitaomba mwenyewe. Niliomba madarasa mawili kwa shilingi 5,000,000. Nilipewa.

Siku ya kutia saini niliitwa ofisini. Mkataba ulikuwa na kurasa 4. Ndugu msomaji, kusoma nilikuwa najua. Nilijifunza katika darasa la watu wazima, kama wewe. Lakini nilisoma polepole, na kidole kikifuata mstari. Mle ofisini walikuwamo watu 6, wote wananitazama. Niliona haya. Nikafunua ukurasa mmoja mmoja kama mtu anayesoma, nikaitikia kwa kichwa, nikatia saini.

Kazi ikaanza. Nilikuwa na mafundi 2, kila mmoja shilingi 15,000 kwa siku. Vibarua walikuwa 5, kila mmoja shilingi 7,000. Jumla ilikuwa shilingi 65,000 kila siku jua linapotua. Malipo ya kuanzia hayakuwapo. Fundi analipwa msingi ukimalizika, kisha lenta, kisha kupaua, kisha kumalizia. Na kila hatua mhandisi wa halmashauri lazima aje kukagua kwanza. Basi niliuza kondoo 3 ili watu wangu wale.

Mvua zikaanza. Lori la saruji likakwama njiani. Siku 4 tulikaa tukitazama ukungu unashuka mlimani. Watu wangu walikuja kila asubuhi, kwa hiyo niliwapa nusu ya posho. Sikuweza kuwaambia warudi nyumbani mikono mitupu. Pengine nilifanya kosa, sijui. Wengine ni majirani zangu.

Msingi ulikwisha kwa siku 14 za kazi. Mhandisi alikuja, akapima, akakubali. Kwa hatua hiyo nilitakiwa kupata robo ya fedha, yaani shilingi 1,250,000. Nilikwenda benki Katesh. Nilikuta shilingi 1,062,500.

Nilirudi shuleni na hasira. Nikamwambia mwalimu anayeshika hesabu kwamba amekula pesa yangu. Nilisema kwa sauti, mbele ya vibarua na mbele ya wanafunzi. Yeye hakujibu kitu. Aliingia ofisini, akaleta mkataba, akafungua ukurasa wa 3.

"Fundi, soma hapa."

Nilisoma. Safari hii sikuona haya ya kidole. Iliandikwa kwamba katika kila malipo, shilingi 10 kwa kila 100 zitabaki shuleni kama fedha ya matazamio. Fundi atapewa baada ya miezi 6, kama jengo halina ufa. Hiyo ni shilingi 125,000. Chini yake iliandikwa kodi ya zuio, shilingi 5 kwa kila 100, inayopelekwa Mamlaka ya Mapato. Hiyo ni shilingi 62,500. Jumla shilingi 187,500. Hakuna aliyekula kitu. Saini yangu ilikuwa pale mwisho, imepinda kidogo.

Nilimwomba radhi mwalimu yule. Nilimwomba palepale wanafunzi wanaposikia, maana matusi nayo waliyasikia.

Usiku niliketi na mke wangu tukapiga hesabu. Siku 14 za kazi ni shilingi 910,000. Siku 4 za kungoja saruji ni shilingi 130,000. Jumla shilingi 1,040,000. Iliyobaki ilikuwa shilingi 22,500, na dukani tulidaiwa unga na maharage ya shilingi 60,000. Mke wangu akauliza, "Sasa mjenzi wa Serikali ni wewe, au ni hao vibarua?"

Kesho yake nilinunua daftari. Niliandika tarehe, watu waliokuja, mifuko ya saruji iliyopokelewa, na siku tulizokaa bure. Tena sikumwita kibarua kabla ya kuona vifaa kwa macho yangu. Hatua ya lenta ilinipa faida kidogo, na ya kupaua zaidi. Madarasa yalikwisha. Baada ya miezi 6 niliziba nyufa 2 za plasta, nikapewa shilingi 500,000 zangu za matazamio. Wale kondoo walirudi zizini, na wa nne juu yao.

Tangu mwaka 2023 zabuni za Serikali hupitia mtandao unaoitwa NeST. Anayeomba anatakiwa awe na namba ya mlipa kodi. Mimi ninayo, na kijana wangu hunisaidia upande wa simu. Lakini kazi ya barabara siwezi kuomba mwenyewe, kwa sababu sijasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kwa kazi hiyo hungoja mkandarasi aliyesajiliwa anigawie kipande.

Hivi karibuni alikuja msimamizi wa mkandarasi mmoja. Alitaka nijenge mifereji ya mawe kando ya barabara. Alileta karatasi 2 na kalamu. Gari lake lilikuwa linanguruma nje.

Nilivuta kiti, nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Alitazama saa. Nikaendelea. Katika karatasi ya pili nilikuta maneno haya: fundi atalipwa baada ya mkandarasi kulipwa na Serikali.

"Na Serikali ikichelewa miezi 5?" nikamwuliza.

"Mzee, hayo ni maneno ya kawaida. Wote wanasaini."

Nilimwambia tuandike malipo kila baada ya mita 50 za mfereji. Alisema lazima ampigie bosi wake. Nikamwambia apige, nami nikarudi karatasi ya kwanza, maana kulikuwa na mstari mmoja sikuuelewa vizuri.