Maji Yaliyonyimwa Kuchemka

Ndugu zangu walipouliza nafanya kazi gani huko Stockholm, niliwajibu kwamba napika pumba za ngano. Walicheka, maana kwetu pumba ni chakula cha ng'ombe na kuku. Lakini ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka mingi.

Pumba zilitoka kinuni kwa magunia. Tuliziondolea wanga kwa vimeng'enya, tukazishindilia kwenye mtungi mdogo wa chuma cha pua, kisha pampu ikaingiza maji kwa presha ya baa 100, na joto likapanda hadi nyuzi 160. Ni kanuni ileile ya sufuria ya presha, ila ile ya jikoni huishia karibu nyuzi 120. Kuyazuia maji ya nyuzi 160 yasigeuke mvuke kunahitaji baa 6 na ushei tu. Sisi tulijiwekea akiba kubwa. Maji ya moto kiasi hicho hubadilika tabia: huyeyusha vitu ambavyo maji ya kawaida huviacha.

Tulichokitafuta ni arabinozailani, minyororo mirefu ya sukari inayojenga kuta za seli za pumba, pamoja na asidi ya feruliki iliyoshikamana nayo. Kostiki soda hutoa arabinozailani kwa wingi zaidi, sikatai. Tatizo ni kwamba huikata ile asidi, na asidi hiyo ndiyo inayozuia mafuta yasichachuke. Maji huiacha nyingi mahali pake. Kwangu mimi hiyo ilitosha kuyachagua maji, hata mavuno yakipungua.

Ila maji nayo yana ukorofi wake. Joto hung'oa asidi ya asetiki kutoka kwenye pumba zenyewe, maji yanakuwa machachu, na uchachu huo huikatakata minyororo unayotaka itoke mizima. Tulitia chumvi za fosfeti kuudhibiti. Ukizidisha joto au muda, mchuzi unageuka kahawia na kutoa harufu ya fufuro, kemikali inayotokana na sukari iliyoungua. Fundi mmoja wa makamo, mtu mkimya sana, alikuwa akinusa chupa na kusema "punguza" kabla mashine ya vipimo haijawashwa. Nilimwamini yeye kwanza.

Mikutanoni njia yetu iliitwa ya kijani, kwa kuwa haina viyeyusho vya sumu. Mimi nilikuwa nikiuliza kuhusu umeme wa kupasha maji yale yote na kuyakausha tena hadi ubaki unga. Waliokuwa wakiandika maombi ya fedha hawakulipenda swali hilo.