Safari ya Gazi, Mji wa Wavuvi

Mtu akaaye Bofu, upande wa Likoni, hana haja ya kuvuka feri ili aone mji wa kale wa pwani. Akishika barabara kuu iendayo kusini hata Lunga Lunga, atapita Ng'ombeni, Waa, Tiwi na Ukunda, na baada ya kilomita 50 hivi atakuta njia ndogo ikielekea baharini, upande wa kushoto. Njia hiyo huishia Gazi. Watu wengi wa Likoni hupita hapo waendapo Msambweni au Vanga, wala hawateremki garini. Nao wanakosa jambo lililo karibu.

Sura ya kijiji haimshangazi mgeni. Zipo nyumba za udongo na makuti, zipo za mawe na mabati, upo msikiti, na minazi imesimama hata karibu na maji. Wenyeji wengi ni Wadigo. Walakini palepale, katikati ya nyumba hizo za watu wa kawaida, ipo nyumba iliyokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, ambayo baadaye ilifanywa skuli. Watoto wamejifunza kusoma mahali ambapo zamani palikatwa mashauri ya vita.

Habari yake ni hivi. Mwaka 1837 Seyyid Said wa Omani na Unguja aliwanyang'anya Mazrui mji wa Mombasa. Wakubwa wao walikamatwa kwa hila, wakapelekwa mbali ng'ambo ya bahari, wasirudi tena. Walionusurika waligawanyika: wengine walikwenda kaskazini wakakaa Takaungu, na wengine walikuja kusini hapa Gazi. Mbaruk alipokuwa mkuu wa hawa wa kusini hakukubali kutulia. Kwa miaka mingi alipigana na Masultani wa Unguja, akapatana nao, akapigana tena. Na kila aliposhindwa pwani alikimbilia boma lake la Mwele, huko juu vilimani.

Vita ya mwisho ilianza mwaka 1895, kwa ugomvi wa urithi uliotokea Takaungu. Waingereza walimsimamisha mtu waliyempenda wao awe liwali, na Mazrui waliokataa wakaja kwa Mbaruk kutaka hifadhi. Naye hakuwatoa. Mwezi wa Agosti mwaka ule boma la Mwele lilitwaliwa, na askari wakaletwa kutoka Bara Hindi. Mwezi wa Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka pamoja na wafuasi wake, akajitia mikononi mwa Wadachi, akaishi Dar es Salaam hata kufa kwake. Wako wamsifuo kwa ushujaa, na ushujaa alikuwa nao. Lakini haifai kusahau kwamba mashamba yaliyolisha nyumba ile yalilimwa na watumwa, na hao hawakuachiwa jumba la kukumbukwa.

Vita vilikwisha, uvuvi haukwisha. Asubuhi ngalawa na mitumbwi hutoka ghubani kwa upepo wa nchi kavu. Wengine hutega dema zilizosukwa kwa fito, wakazitia penye majani ya bahari ambapo tafi hupenda kula. Wengine huvua kwa mshipi wakitafuta changu. Na wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, wenye vyombo vikubwa huvuka mwamba kufuata nguru. Kwa majira hayo hufika pia wavuvi kutoka Pemba, wakapiga dago ufukweni kwa miezi kadhaa, kisha wakarudi kwao kusi ikianza kuvuma.

Watalii wa Ulaya hulipa nauli kubwa kwenda kuona vijiji vya wavuvi huko Italia. Kimojawapo ni Camogli, karibu na Genoa, penye nyumba ndefu zilizopakwa rangi zikitazama bandari. Wavuvi wa huko wana mtego wa kale uitwao tonnarella, nao husukwa kwa kamba za makumbi ya nazi, ingawa minazi haioti kabisa katika nchi ile. Mama wa Kidigo, ambaye wazee wake walifukia makumbi mchangani na kuyapondaponda wapate usumba, angeitambua kamba ile mara moja.

Jambo kubwa la Gazi, hata hivyo, si jumba wala ngalawa. Ni mikoko. Ghuba nzima imezungukwa na msitu wa miti ya maji ya chumvi: mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu, mkandaa, muia, na mlilana usimamao mbele kabisa kupokea mawimbi. Tangu kale miti hii ilitoa boriti za kuezekea nyumba za Lamu, Mombasa na Arabuni, na mlilana ulitoa mataruma ya vyombo. Miaka ya 1970 ukataji ulipita kiasi. Miti ilikatwa kwa wingi iwe kuni za matanuri ya chokaa na matofali, hata sehemu za pwani zikabaki tope tupu. Wavuvi ndio walioona hasara, kwa kuwa samaki wadogo, kamba na kaa hukulia katika mizizi ile; mzizi ukiondoka, mtoto wa samaki hana pa kujificha.

Tangu mwaka 1991 wataalamu wa taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari, wakishirikiana na wanakijiji, walianza kupanda mikoko upya. Kazi ni ya tope la magoti, na michache mingi ilichukuliwa na maji. Mwaka 2013 watu wa Gazi na wa Makongeni, kijiji jirani, walianza shirika lao liitwalo Mikoko Pamoja, la kwanza la namna yake duniani. Wanalinda hekta 117 za msitu, na kwa kuwa miti hiyo hufyonza hewa ya ukaa na kuifungia katika tope, watu na makampuni ya mbali huwalipa kwa kila tani. Hesabu ni kama tani 3,000 kwa mwaka, na mwanzoni zilileta dola 12,000 hivi. Fedha hizo zimeingia katika mabomba ya maji na vitabu vya skuli, si mifukoni mwa watu wachache.

Ukizigawa fedha hizo kwa kila mlango, ni kidogo. Kijana anayetaka kuoa bado anahitaji boriti za nyumba, na mama bado anahitaji kuni jioni. Mlinzi wa msitu anapomzuia mtu, mara nyingi anamzuia jamaa yake. Kwa sababu hiyo walipanda mivinje katika nchi kavu, ipatikane miti ya kukata bila kugusa ghuba. Mvinje hukua upesi, walakini mafundi wengi husema hauwezi kushindana na mkoko kwa kuzuia mchwa.

Akina mama nao wamejenga njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya tope, ipenyayo ndani ya msitu. Kwa ada ndogo humpitisha mgeni na kumtajia miti kwa majina yake na kazi zake, na akiagiza mapema humpikia samaki na wali wa nazi. Mgeni wa Bofu na achague siku ya bamvua, aondoke mapema. Siku hizo maji hutoka sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na chini ya mbao huonekana kaa wenye gando moja jekundu wakikimbilia mashimo yao, na mbali mwambani watu wakitafuta pweza kwa vijiti.

Baada ya adhuhuri maji huanza kurudi, na vyombo hurudi nayo. Samaki hupimwa kwa mizani pale pale mchangani. Wakubwa huchukuliwa na wachuuzi wa Ukunda na Mombasa, na wadogo hununuliwa na mama karanga, ambao saa kumi wamekwisha tia mafuta katika karai. Magari ya Likoni hupatikana barabarani hata jioni.